Dalili ya Mvua ni Mawingu: Kufundisha Hali ya Hewa ya Ziwa katika Shule za Msingi za Mara

Utangulizi

Miongoni mwa mada ambazo huharibiwa kwa kukaririshwa, mada ya upepo na mvua imo mstari wa mbele. Mwanafunzi wa Darasa la Tano hutamka bila kukosea kwamba upepo wa bahari huvuma mchana na upepo wa nchi kavu huvuma usiku. Huchora mishale miwili, mmoja ukielekea pwani na mwingine ukielekea baharini, akapata alama zake. Kisha hurudi nyumbani Mwigobero au Guta, akamkuta baba yake anapakia nyavu na taa mtumbwini ili aende kuvua dagaa, wala haimjii fikra kwamba mshale ule alioutia daftarini ndio utakaomsukuma baba yake usiku huo.

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha, katika shule moja iliyo karibu na Ghuba ya Speke, nilikaa nyuma ya darasa nikimsikiliza mwanachuo akifundisha mada hii. Andalio lake la somo lilikuwa safi, mchoro wake wa ubaoni ulikuwa mzuri, na mfano wake ulikuwa wa Bahari ya Hindi, kama ulivyo katika vitabu vingi. Alipouliza kama kuna swali, mtoto mmoja wa kike alisimama akasema: “Mwalimu, basi ni upepo gani uliomrudisha baba jana usiku bila nyavu?” Darasa lilinyamaza. Mwanachuo naye alinyamaza, kisha akajibu kwamba swali hilo lilikuwa nje ya mada. Ukweli ni kwamba swali hilo ndilo lililokuwa mada yenyewe, na mimi mkufunzi, niliyeuona mfano ule wa bahari katika andalio nikaupitisha, nilistahili lawama kuliko yeye.

Makala haya yamekusudiwa kumsaidia mwanachuo atakayepangiwa shule za Musoma, Bunda, Butiama na sehemu nyingine za Mara, ili swali kama hilo litakapoulizwa, awe na la kujibu. Sehemu ya kwanza yaeleza maarifa ambayo mwalimu hana budi kuwa nayo. Sehemu ya pili yaeleza vipindi vinne vya kufundisha, na ya tatu yahusu daftari la hali ya hewa na adabu ya kufundisha mada hii mbele ya watoto wa wavuvi.

SEHEMU YA KWANZA: MAARIFA YA MWALIMU

1. Ziwa na bahari

Yafaa mwalimu aanze kwa kuutenga mfano wa bahari na hali halisi ya ziwa. Mabaharia wa pwani yetu wameishi kwa pepo mbili kubwa: kaskazi, ivumayo takriban Desemba hadi Machi, na kusi, ivumayo takriban Aprili au Mei hadi Septemba. Pepo hizo hutokana na tofauti ya joto baina ya bara zima la Asia na Bahari ya Hindi, nazo hubadilika kwa miezi. Nahodha wa jahazi aliweza kupanga safari yake ya mwaka mzima kwa kuzifuata. Aidha, bahari ina hatari ya vimbunga vikubwa vya kitropiki, kama kimbunga Hidaya kilichofika katika pwani ya Tanzania mwezi Mei 2024.

Ziwa Victoria lina tabia nyingine. Eneo lake ni kilomita za mraba 68,800 hivi, nalo liko katika kimo cha meta 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Pamoja na ukubwa huo, kina chake si kirefu: kwa wastani ni kama meta 40, na penye kina zaidi ni kama meta 80. Ikweta hupita juu ya ziwa hili, na Musoma iko chini kidogo ya nyuzi 2 kusini yake. Vimbunga vya kitropiki huhitaji msukumo unaotokana na mzunguko wa dunia ili vipate kujipinda, na karibu na Ikweta msukumo huo ni dhaifu mno. Kwa hiyo ni nadra sana vimbunga hivyo kuzaliwa ndani ya nyuzi 5 kutoka Ikweta. Mtoto wa Musoma hana haja ya kuogopa kimbunga cha aina ile. Hatari ya ziwa lake ni ndogo kwa upana lakini ni ya haraka: dhoruba ya radi inayozaliwa jioni na kufa asubuhi, ambayo yaweza kulipiga ghuba moja na kuliacha shwari ghuba la jirani.

2. Upepo wa mchana na upepo wa usiku

Chanzo cha mambo ni kwamba maji na ardhi havipati joto kwa kasi moja. Ili kuongeza joto la kilo moja ya maji kwa nyuzi moja, huhitajika joto takriban mara tano ya lile linalohitajika kwa kilo moja ya mchanga mkavu. Tena, mwanga wa jua hupenya ndani ya maji, na mawimbi huyachanganya maji ya juu na ya chini, ilhali ardhini joto hubaki juu juu. Matokeo yake ni kwamba uso wa ziwa hukaa karibu na nyuzi 25 za Selsiasi, usiku na mchana, masika na kiangazi, wakati ambapo ardhi hupata joto kali mchana na kupoa upesi baada ya jua kutua.

Mchana, hewa iliyo juu ya ardhi yenye joto hupanda, na hewa ya ziwani huja kushika nafasi yake. Huu ndio upepo wa ziwani. Katika upande wetu wa mashariki, upepo huo hutoka magharibi ukaingia nchi kavu, ukakutana na pepo za mashariki zinazovuma kutoka bara. Pepo mbili zinapokutana hewa haina pa kwenda ila juu. Hupanda, hupoa, na unyevu wake hugeuka mawingu. Ndiyo sababu mtu aliyesimama Butiama saa tisa alasiri huona mawingu yakijengeka kama minara juu ya vilima, ilhali mtu aliyesimama ufukoni Musoma saa hiyo hiyo huona anga la ziwa ni jeupe.

Usiku mambo hugeuka. Ardhi hupoa, ziwa hubaki na joto lake, na hewa nzito ya nchi kavu huteremka kuelekea majini. Kutoka upande wa mashariki upepo huo husaidiwa na pepo za mashariki, na kutoka upande wa magharibi upepo mwingine wa nchi kavu huja kuukabili. Pepo hizo hukutana juu ya ziwa lenyewe, na hewa yenye joto na unyevu hupanda tena, safari hii juu ya vichwa vya wavuvi.

3. Kwa nini usiku ndio wenye hatari

Picha za setilaiti zimethibitisha jambo ambalo wavuvi walilijua: dhoruba nyingi za Ziwa Victoria hutokea usiku na alfajiri, na dhoruba nyingi za nchi kavu inayolizunguka hutokea alasiri. Watafiti walioonyesha uhusiano wa mambo hayo mawili katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016 walieleza kwamba dhoruba kali za alasiri juu ya nchi kavu iliyo mashariki ya ziwa ni dalili ya dhoruba kali juu ya ziwa usiku unaofuata. Maana yake kwa mwalimu wa Mara ni kubwa. Mawingu ya Butiama, Tarime na Serengeti leo alasiri ni habari za ziwa leo usiku.

Sasa mwalimu aliweke jambo hilo kando ya kazi ya mvuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa. Samaki hao wadogo hufuata mwanga, na mwanga wa taa haufai kitu mbalamwezi inapong’aa. Kwa hiyo mvuvi hupumzika siku za mwezi mpevu na kwenda ziwani siku za giza. Anayepanga safari yake ni mwezi, na mwezi haujui habari za radi. Hivyo mvuvi hutoka saa zile zile ambazo dhoruba huzaliwa, na hutoka katika giza ambalo humnyima mtu kuliona wingu.

Methali yetu husema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Kwa mkulima aliye shambani mchana methali hiyo ni kweli tupu. Kwa mvuvi aliye ziwani saa nane za usiku wa giza, dalili hiyo imefichwa. Hubaki dalili nyingine tatu: umeme upeoni, ngurumo, na upepo baridi wa ghafla unaotoka upande wa wingu. Huo wa tatu huja umechelewa. Mvua nzito inapoanguka huburuta hewa baridi, ambayo ikigonga uso wa maji hutawanyika kwa kasi mbele ya mvua yenyewe. Mvuvi anapouhisi usoni, huenda zimebaki dakika chache tu.

4. Utulivu unaodanganya

Urefu wa mawimbi hutegemea mambo matatu: nguvu za upepo, muda uliovuma, na umbali ambao umesafiri juu ya maji bila kizuizi. Jambo hili la tatu husahauliwa mara nyingi. Upepo wa mashariki unapovuma Musoma, maji ya ufukoni huonekana kama sahani, kwa kuwa upepo ndio kwanza unayagusa. Kilomita kadhaa mbele, maji yale yale yana mawimbi. Mtu akisimama kwenye mwalo akasema ziwa limelala, amesema habari za ukingo tu. Kinyume chake, upepo wa magharibi ukivuma katika Ghuba ya Speke husafiri urefu wote wa ghuba hadi kufika upande wa Bunda, na mawimbi yake hufika yamekomaa.

Aidha, hatari haingojei mvua. Katika miezi ya Juni hadi Agosti, ambayo kwetu ni kiangazi, pepo za kusini-mashariki huweza kuvuma kwa nguvu chini ya anga safi. Mwishoni mwa Julai 2023, katika maji ya wilaya ya Bunda, mitumbwi miwili iliyobeba watu waliokuwa wakitoka kanisani ilizama, na zaidi ya watu kumi walipoteza maisha. Mwalimu asijifanye mchunguzi wa ajali hiyo. Atosheke kuwakumbusha wanafunzi kwamba Julai si mwezi wa masika, na kwamba anga jeupe si ahadi.

SEHEMU YA PILI: VIPINDI VINNE

Kipindi cha kwanza: Mchanga na maji

Lengo: Mwanafunzi aweze kueleza, kwa vipimo alivyosoma mwenyewe, kwa nini upepo hubadili mwelekeo mchana na usiku.

Zana: Karai mbili zilizo sawa, mchanga mkavu, maji ya ziwa, vipimajoto viwili na saa.

Karai ya mchanga na karai ya maji ziwekwe juani kuanzia saa tatu asubuhi. Kila baada ya dakika 15 wanafunzi wawili wasome vipimajoto na kuandika. Baada ya saa nzima karai zote mbili zihamishiwe kivulini, na kazi iendelee. Wanafunzi wataona mchanga ukitangulia kupanda na ukitangulia kushuka. Mwalimu asiseme neno “upepo” mpaka jedwali limejaa. Kisha aulize: “Karai hii ikiwa ni Butiama, na hii ikiwa ni ziwa, hewa itapanda wapi saa nane mchana? Itapanda wapi saa nane usiku?” Mshale uchorwe baada ya jibu. Shule isiyo na vipimajoto itumie viganja vya mikono: wanafunzi waguse mchanga na maji saa sita mchana na tena jioni, na waandike walichohisi.

Kipindi cha pili: Kupima upepo kwa macho

Lengo: Mwanafunzi aweze kukadiria nguvu za upepo kwa kutazama miti na maji.

Mwaka 1805 ofisa wa jeshi la majini la Uingereza aitwaye Francis Beaufort alianza kupanga nguvu za upepo kwa daraja, toka 0 hadi 12, kwa kutazama athari zake. Daraja hizo zingali zikitumiwa duniani kote, nazo hazihitaji chombo chochote. Kwa shule ya msingi zatosha hizi:

Daraja la 0: Moshi wa jikoni hupanda wima. Maji ni kama kioo.
Daraja la 2 (kilomita 6 hadi 11 kwa saa): Upepo huhisiwa usoni, majani hutikisika. Maji yana vijiwimbi.
Daraja la 3 (kilomita 12 hadi 19): Majani na vijiti hutikisika bila kukoma, bendera nyepesi hukunjuka. Vilele vyeupe huanza kuonekana hapa na pale.
Daraja la 4 (kilomita 20 hadi 28): Vumbi na karatasi huinuka. Vilele vyeupe huwa vingi.
Daraja la 5 (kilomita 29 hadi 38): Miti midogo yenye majani huyumba. Vilele vyeupe hutapakaa kotekote.
Daraja la 6 (kilomita 39 hadi 49): Matawi makubwa hutikisika, nyaya hupiga miluzi. Mawimbi makubwa huanza kujengeka.

Wanafunzi watoke nje, watazame bendera ya shule, miti na moshi, kila mmoja aandike daraja lake kabla ya kusikia la mwenziwe. Majibu yakitofautiana, mwalimu asichague mshindi. Awaulize kila mmoja alitazama nini. Shule ya Musoma iliyo karibu na maji itazame vilele vyeupe pia. Shule ya Butiama itatumia miti, wala haitapungukiwa na kitu.

Kipindi cha tatu: Umeme na ngurumo

Lengo: Mwanafunzi aweze kukadiria umbali wa dhoruba na kujua kama inakaribia.

Sauti husafiri hewani kama meta 340 kwa sekunde, yaani kilomita moja kwa sekunde 3 hivi. Mwanga hufika papo hapo. Kwa hiyo mtu akihesabu sekunde toka umeme hadi ngurumo, akagawa kwa 3, hupata umbali kwa kilomita. Hapa somo la Hisabati na somo la Sayansi hukutana.

Mwalimu atoe mazoezi ya aina hii: “Mvuvi aliona umeme upande wa mashariki akahesabu sekunde 45. Baada ya dakika 10 alihesabu sekunde 30. Dhoruba ilikuwa mbali kiasi gani mara ya kwanza na mara ya pili? Inamjia au inamwacha? Ikiendelea kwa mwendo huo itamfikia baada ya muda gani?” Majibu ni kilomita 15, kilomita 10, inamjia, na dakika 20. Mwanafunzi aliyefanya hesabu hiyo kwa mkono wake amepata kitu cha kupeleka nyumbani. Hata hivyo mwalimu aonye kwamba dhoruba yaweza kubadili mwendo, na kwamba muda ukipungua sekunde 30 mtu wa ufukoni hana budi kuwa ameingia nyumbani. Mti ulio peke yake si mahali pa kujificha.

Kipindi cha nne: Kuusoma utabiri

Lengo: Mwanafunzi aweze kuusoma utabiri wa ziwa na kueleza maana yake kwa maneno yake.

Mwalimu atangulize historia fupi. Hadi mwaka 1977 kazi ya hali ya hewa ilifanywa na idara moja kwa ajili ya Kenya, Uganda na Tanzania. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka huo, Tanzania iliunda idara yake. Mwaka 1999 idara hiyo iligeuzwa kuwa Wakala, na kwa sheria ya mwaka 2019 ikawa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, inayojulikana kwa kifupi kuwa TMA. Mamlaka ina kituo cha kupima hali ya hewa Musoma, na ina rada Mwanza. Rada hutuma mawimbi ya redio ambayo hugonga matone ya mvua na kurudi, na kwa njia hiyo wingu lililo gizani huonekana. Kati ya mwaka 2017 na 2021 nchi za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zilishirikiana na Shirika la Hali ya Hewa Duniani katika mradi uitwao HIGHWAY, uliokusudiwa kuboresha utabiri na maonyo kwa watumiaji wa ziwa.

Utabiri wa ziwa huwa na mambo manne ya kutafuta: upepo watoka wapi na una nguvu gani, mawimbi yana urefu gani, kuna mvua ya radi au hakuna, na ni kwa saa zipi na sehemu ipi ya ziwa. Mwalimu aandike utabiri wa siku hiyo ubaoni, uliopatikana kwa redio au simu, na wanafunzi wayatafute hayo manne. Kisha awafundishe ngazi tatu za maonyo: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa, ambazo rangi zake ni njano, chungwa na nyekundu. Watoto na wazee wengi huyachukua maneno hayo kuwa kitu kimoja. Kuyatofautisha ni kazi ya somo la Kiswahili kama ilivyo ya Jiografia.

SEHEMU YA TATU: DAFTARI NA ADABU YA SOMO

Daftari la hali ya hewa

Vipindi vinne havitoshi kumjengea mtoto tabia. Kila shule iwe na daftari moja kubwa ambalo wanafunzi wa zamu hujaza kila siku: utabiri ulisema nini, alasiri ilikuwaje, usiku ulikuwaje kwa habari za wazazi, na daraja la upepo asubuhi na alasiri. Mwisho wa mwezi darasa lipange siku zote katika visanduku vinne:

(a) Dhoruba ilitabiriwa, ikaja.
(b) Dhoruba ilitabiriwa, haikuja.
(c) Dhoruba haikutabiriwa, ikaja.
(d) Dhoruba haikutabiriwa, haikuja.

Kazi hii huponya ugonjwa mkubwa wa mawazo. Watu wengi husikia utabiri kama kiapo: usipotimia mara moja, wanauita uongo, na tangu siku hiyo hawausikilizi tena. Utabiri ni hesabu ya uwezekano. Mtabiri akisema dhoruba inatazamiwa katika sehemu ya mashariki ya ziwa, yaweza kupiga Rorya na kuiacha Musoma kavu, na utabiri ukawa umetimia. Mtoto aliyehesabu visanduku vyake mwezi baada ya mwezi hujua ni mara ngapi katika kumi utabiri ulisadifu, wala hahitaji kuamini au kukana kwa neno la mtu.

Kisha aulizwe: kisanduku (b) humgharimu mvuvi nini, na kisanduku (c) humgharimu nini? Kile cha kwanza humgharimu dagaa wa usiku mmoja. Cha pili chaweza kumgharimu roho yake. Kwa sababu gharama hazilingani, mtu mwenye busara hurudi nyuma hata pale ambapo uwezekano wa dhoruba ni mdogo kuliko uwezekano wa shwari.

Inapowezekana, shule tatu zishirikiane: moja ya Butiama, moja ya Bunda na moja ya Musoma. Saa kumi jioni mwalimu wa Butiama apeleke kwa simu habari ya mawingu yaliyo juu ya vilima na daraja la upepo. Asubuhi walimu wa Musoma na Bunda warudishe habari za ziwa. Baada ya masika moja au vuli moja wanafunzi wataona wenyewe ni mara ngapi mawingu ya alasiri bara yalifuatwa na dhoruba ya usiku ziwani. Mtoto wa mkulima atajua kwamba anga la kijijini kwake ni mlinzi wa mtoto wa mvuvi. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliandika mwaka 1967 juu ya Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule isitengwe na maisha ya watu wanaoizunguka. Daftari hili ni njia moja ndogo ya kulitimiza hilo, na gharama yake ni daftari na kalamu.

Mambo ya kuangaliwa

Kwanza, mwalimu asimtume mtoto nyumbani kumkemea baba yake. Mvuvi anayekosa usiku mmoja hukosa unga wa kesho, naye huijua hatari kuliko sisi tulio ubaoni. Mtoto atumwe kusoma utabiri kwa sauti wakati wa chakula cha jioni, na kumwuliza baba: “Wewe waonaje?” Swali hilo humpa mzee heshima yake na humpa nafasi ya kufikiri.

Pili, maarifa ya wazee yasidharauliwe. Wazee wa Kijita, wa Kikwaya na wa Kijaluo wana majina ya pepo za ziwa na saa zake. Wakaribishwe shuleni, na wanafunzi wayaandike majina hayo kando ya daraja za Beaufort. Penye kutofautiana, daftari ndilo liamue.

Tatu, isisemwe kwamba kila ajali ya majini ni ya hali ya hewa. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, ikaua watu zaidi ya 200. Katika misiba yote miwili kupakia abiria kupita kiasi kulitajwa. Utabiri hauwezi kuokoa chombo kilichojazwa kupita kiasi, wala hauvai jaketi la kuokolea kwa niaba ya mtu.

Nne, darasani huenda yumo mtoto ambaye ziwa limemchukulia mzazi au ndugu. Mwalimu aulize kwa mwalimu mkuu kabla ya kufundisha. Mtoto huyo asilazimishwe kusimulia, na akitaka kusimulia asikatizwe.

Hitimisho

Nilirudi katika shule ile ya Ghuba ya Speke kabla ya mazoezi kwisha. Mwanachuo yule alikuwa ameanza upya. Juu ya meza palikuwa na karai mbili, na ubaoni palikuwa na ramani ya ghuba badala ya pwani ya Bahari ya Hindi. Alimwita yule mtoto wa kike mbele, akampa chaki, akamwambia achore upepo uliomrudisha baba yake. Mtoto alichora mshale kutoka mashariki, kisha akachora wingu nyuma yake, upande wa nchi kavu. Alipoulizwa wingu hilo lilikuwapo saa ngapi, alijibu: “Alasiri, Mwalimu. Tuliliona tukitoka shule.”

Mazoezi kwa wanachuo

1. Andaa andalio la somo la dakika 40 kuhusu upepo wa ziwani na wa nchi kavu kwa Darasa la Tano katika shule ya Butiama isiyo na kipimajoto hata kimoja.
2. Eleza kwa nini mtu aliye kwenye mwalo wa Musoma aweza kukosea akikadiria mawimbi wakati upepo unapovuma kutoka mashariki.
3. Tunga maswali matatu ya Hisabati kuhusu umeme na ngurumo, yenye majibu, kwa Darasa la Sita.
4. Mzazi anakuja shuleni na kusema: “Mnawafundisha watoto uongo. Juzi walitabiri dhoruba, na mimi nimevua usiku kucha salama.” Andika jibu lako kwa adabu, ukitumia visanduku vinne.